Asteroidi Zilizo Mbele na Nyuma ya Jupita

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Mungaa, mwanangu, nilipompa shangazi yangu Maria ushauri wa kisomi, ushauri ukamponza. Nilikuwa nimerudi kufundisha shule ya nyumbani, na stashahada ya ualimu wa sayansi. Sikusomeshwa na mtu. Nililima alizeti za watu, nikafyatua matofali, mpaka nikavaa joho. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa amepata stashahada kabla yangu, na nilihakikisha hakuna anayelisahau hilo.

Shangazi alikuwa na mbuzi kumi na wawili, wanne kati yao wana mimba. Ndiyo mali yote aliyokuwa nayo. Njia ya kisimani ilikuwa moja, na ng'ombe wa Mzee Hamisi, mfugaji mkubwa wa kijiji, waliijaza. Wenye mbuzi wachache walikuwa na utaratibu wao: baadhi walitangulia mbele sana, wengine walifuata nyuma sana. Shangazi alikuwa wa nyuma.

Nilimkuta na majirani, nikamwambia, "Shangazi, achana na njia hiyo, siku moja mbuzi wako watakanyagwa. Sayansi imethibitisha. Jupita ni sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua, na mvuto wake unafagia kila kitu kidogo kilicho kwenye njia yake."

Shangazi akaniangalia. "Huyo Jupita ana ng'ombe wangapi?"

Majirani wakacheka. Mimi nikanuna. "Hii ni elimu, shangazi, si utani."

"Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akahamia kisima cha nyuma ya mlima, mwendo mara tatu ya ule wa zamani. Haukupita muda mrefu, mbuzi wawili wakatupa mimba kwa kuchoka na kiu.

Nikakimbilia madaftari yangu ya chuo nitafute pa kujitetea. Nilichompa shangazi kilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa uliofuata sikuwahi kuusoma, kwa sababu tulisikia hautatoka kwenye mtihani. Huo ndio ulioeleza kwamba maelfu ya asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua, yamo kwenye njia ileile ya Jupita. Kundi moja linatangulia, jingine linafuata, kila moja likiwa mbali nayo kwa kama sehemu moja ya sita ya mzunguko mzima. Huyumba kidogo huku na huko, lakini mvuto wa jua na wa Jupita, pamoja na mwendo wa mawe yenyewe, huyarudisha. Yamedumu hivyo tangu zamani sana. Yanayoisogelea Jupita mno ndiyo hurushwa mbali au kumezwa.

Nikaenda kwa shangazi na daftari. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo Jupita anasemaje?"

Nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kutokujua si kosa, baba," akasema. "Umeniona nikiipita njia ile tangu unatambaa. Hukuniuliza hata siku moja mbuzi wangu wanaponaje. Sasa kesho utawaswaga wewe."

Nikawaswaga, na suruali yangu ya pasi, nyuma kabisa ya vumbi la ng'ombe wa Mzee Hamisi, mpaka mvua zikanyesha. Wanafunzi wangu walinipungia mikono. Wale mbuzi wawili waliobaki na mimba wakazaa salama.

Stashahada yangu ipo ukutani sebuleni, nimeiwekea kioo, na mgeni asipoiona namwonyesha. Sikukatazi kujivunia yako, mwanangu. Ila kabla hujamshauri mtu jambo litakalogusa mali yake, soma somo lote, hata sehemu isiyo na mtihani. Kisha muulize anaifanyaje kazi yake na kwa nini, na umsikilize mpaka amalize. Mungu akupe elimu kubwa kuliko yangu, akupe na ndugu watakaokuambia ukweli ukikosea, na mifugo yako izae salama.