Shangingi Lililokuja kwa Ng'ombe

Gari la baba lilifika nyumbani kwetu Ihanda likivutwa na ng'ombe wanne wa kulimia. Ilikuwa Jumapili, watu ndio wanatoka ibadani, kwa hiyo hakuna aliyelikosa. Lilikuwa shangingi jeusi la viti vya ngozi, na baba alikaa kwenye usukani amepandisha vioo, akiwapungia mkono kama mgeni rasmi. Nyuma ya mikia ya ng'ombe alionekana mtu mwenye furaha kabisa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nikajificha nyuma ya kwaya.

Alilinunua Tunduma, kwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka aliyesema analiuza kwa sababu anahamia mbali. Mtu yule alisema kweli, maana hatukumwona tena. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanapishana vijijini kutafuta kahawa, na msimu uliotangulia ulikuwa umetupendelea. Majirani walinunua mabati, mmoja akanunua mashine ya kusaga. Baba aliona mabati ni mambo ya watu wasio na maono.

Kuhusu ng'ombe alikuwa na maelezo. Injini ya gari la namna ile, alisema, haiwashwi ovyo kwenye vumbi, lazima kwanza ipumzishwe. Watu wetu wana adabu. Mtu mzima akikwambia jambo la nyumbani kwake, humbishii mbele ya uso wake. Basi wakawa wanapita jioni, wanamkuta baba amekaa ndani ya gari lisilokwenda popote, wanamwamkia na kuuliza mapumziko yanaendeleaje. Baba anawajibu kwamba yanaendelea vizuri.

Ukweli ni kwamba injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa kwa ndani. Baba alimleta fundi kutoka Tunduma, mtu wa maneno mengi aliyezoea malori na mashine za kusaga. Fundi aliweka sikio juu ya boneti akasikiliza kwa muda mrefu, ingawa hakukuwa na kitu kinachounguruma. Halafu akatoa hukumu.

"Bwino tu, bosi, ni nzima tu. Haijafa hii, imechoka."

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa gereji. Walisimamisha magogo matatu ya mkaratusi, wakafunga mnyororo juu, wakaing'oa ile injini iliyochoka na kuishusha ndani ya banda la mashine ya kumenyea kahawa. Mama akahamishwa na mashine yake, akawa anamenyea kahawa nje juani. Pistoni zikalala kwenye sufuria za ubwabwa. Kila kitu kidogo, valvu, springi, nati na bolti, kilioshwa kwa mafuta ya taa na kuanikwa kwenye kichanja cha kahawa. Mama alisema kichanja kile ni cha kahawa. Baba akamjibu kwamba jua ni la Mungu, linakausha vyote.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Alitandika turubai lake jipya kichanja kizima, akafunga kamba katikati, kahawa huku, vyuma kule. Kamba ile ilikuwa kama mpaka wa Tunduma, kila mtu aliiona na haikuzuia kitu.

Sasa lazima niseme baba alikuwa nani kijijini, maana bila hilo mtaona ninacheka tu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa. Wanunuzi walipoanza kugombania mzigo, wako wakulima waliojifunza haraka kwamba jiwe nalo lina uzito. Baba aliwachukia. Ndiye aliyeweka utaratibu kwamba kabla kikundi hakijauza, kila gunia la kila mwanachama limwagwe juu ya turubai mbele ya wote. Kikionekana kitu kisicho kahawa, mzigo wote wa mwenye gunia unakataliwa na yeye anatoka kikundini. Hakuna kujieleza. Binamu yake mwenyewe alifukuzwa kwa kokoto moja, akilia kwamba alianika chini. Baba alirudi nyumbani siku ile hakula, lakini hakubadili neno. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, ya kweli, na aliipata kwa miguu yake kabla ya gari lolote.

Mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha, au sisi tulidhani zimekwisha. Baba na fundi walikwenda Tunduma kutafuta gasketi, mimi, niliyekuwa likizo tena, nikaenda na mama Vwawa sokoni. Wingu likaja ghafla. Kwetu wingu likija kahawa haina mwenyewe. Aliye karibu anakimbia kuiokoa, iwe ya rafiki au ya mtu mliyenuniana naye. Majirani walikimbilia kichanja chetu, wakashika turubai pembe nne, wakamimina vyote kwenye magunia. Tulipofika tumelowa, tuliyakuta yamepangwa barazani, midomo imeshonwa vizuri kwa kamba ya katani. Kahawa ilikuwa imekauka vya kutosha. Mama akawashukuru, akawapa ndizi, na hakufungua gunia hata moja. Kufungua gunia aliloshona jirani aliyekuokolea mali ni sawa na kumwambia unamdhania mwizi.

Baba aliporudi akakuta vyuma vyake havipo. Hakuuliza kahawa imepona vipi, shaka yake ilikwenda moja kwa moja kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita vijijini. Siku nzima alizunguka uani akiwalaani kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya chini, kwa sababu asingeweza kupiga yowe la mwizi. Angesema ameibiwa nini? Gari si limepumzika? Fundi naye akasema hilo ni pigo, akaaga kwenda kutafuta valvu nyingine, na hadi leo anazitafuta.

Siku ya kumwaga magunia tulikusanyika wote kwenye ghala la kikundi. Baba alivaa koti. Kama kawaida mwenyekiti ndiye aliyetangulia, ili asionekane kujipendelea. Mama ndiye aliyekata kamba. Kahawa ikashuka kwa mlio wake mzuri wa kukauka, halafu ukaja mlio mwingine. Springi moja iliruka juu ya turubai, ikadunda, ikasimama miguuni pa binamu aliyefukuzwa, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu. Nyuma yake zikateremka nati, bolti na valvu, zinang'aa kwa mafuta ya taa.

Hakuna aliyecheka. Karani aliokota valvu moja, akaishika kwa vidole viwili, akamuuliza mwenyekiti kama anakijua kitu kile. Baba akasema hakijui. Akaongeza kwamba mtu asiye na hasidi ni yule aliyekwisha kuzikwa. Watu wakainamisha macho. Nilimwona mama ametazama kahawa yake, ile aliyoichuma na kuimenyea juani. Karani, kijana wa watu, akasema kwa taabu kwamba basi utaratibu uko wazi, mzigo wa mwenyekiti urudishwe na mwenyekiti mwenyewe...

Niliogopa. Niliona kabisa baba anapima vitu viwili, na nilikuwa na hakika atachagua gari, kwa sababu kwa miezi mingi hakuwa amechagua kitu kingine. Alivua kofia. Alitazama turubai, akamtazama mama, kisha akasema kwa sauti aliyozoea kutumia kufukuza wengine.

"Hivyo vyuma ni vyangu. Vilikuwa vimeanikwa pamoja na kahawa. Gari langu ni bovu, nimelinunua bovu, halijawahi kuwaka hata siku moja."

Mwanachama mmoja mzee, mama mjane aliyeshika pembe mojawapo ya turubai siku ile ya mvua, akakohoa.

"Tulijua, Mwenyekiti. Gari zima halivutwi na ng'ombe. Na vyuma tuliviona, tukavitia humo humo, tukasema atakuja kuuliza. Hukuuliza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekwambia nini, na wewe ulisema linapumzika?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na baba akacheka kwa kuchelewa, machozi yakimtoka. Nami nililia waziwazi. Halafu akajikaza, akasema utaratibu ni utaratibu, hauna kujieleza, naye anatoka. Alikuwa ameshafika mlangoni. Binamu yake akamzibia njia, ile springi ikiwa bado mkononi.

"Kama wewe unatoka kwa kusema ukweli," alisema, "mimi niliyesema ukweli wangu nikatoka, nitarudi lini?"

Baba aligeuka kutoka mlangoni. Kisha akamshika binamu yake mkono, akarudi naye hadi kwenye turubai, akamwomba karani aandike upya jina la binamu, chini ya lake mwenyewe.