Pua ya Asmani

Lori la Asmani lilikuwa na pua. Madereva wa Rumonge waliigawa dunia hivyo: kuna kamiyo yenye pua, injini mbele na dereva nyuma yake, na kuna kamiyo isiyo na pua, uso bapa kama ukuta, dereva ameketi juu ya injini. Na dereva akishapenda moja, hachoki kuitukana nyingine.

Asmani, ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji, alipeleka mawese Bujumbura kwa lori hilo la pua. Rafiki yake Cirhuza, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu, aliendesha lile bapa.

"Kamiyo yako iko mamba," Cirhuza alikuwa akimwambia. "Mdomo umeshafika Bujumbura, wewe ungali Magara."

"Na yako kabati. Mimi nikitaka kutengeneza injini nainua kapo tu, kifuniko cha pua. Wewe unainamisha nyumba nzima, sufuria zinakuangukia kichwani."

"Lakini naona udongo chini ya kidevu changu, muzee. Wakipiga risasi, nageuza mara moja nakimbia. Wewe utageuza, utarudi, utageuza tena, mpaka wakupigie makofi!"

Walicheka. Kisha vita vikashuka kutoka milimani hadi barabarani, na mabishano yakakosa kicheko. Katika lori bapa dereva anakaa juu ya gurudumu la mbele. Gurudumu likikanyaga bomu, hakuna kitu kati ya bomu na mapaja yake isipokuwa bati na kiti. Gurudumu la Asmani lilikuwa mbele huko, mbali na magoti yake, na kati yake na barabara palilala chuma kizito kilichonguruma. Cirhuza aliacha kutaja mamba.

Hakuna aliyesafiri peke yake tena. Magari yalikusanyika asubuhi mwisho wa mji, upande wa kaskazini, yakasubiri askari wa kuyalinda. Ajida, mkubwa wa askari hao, mtu mnene mwenye miwani ya jua, aliyapanga kwa kidole. Siku ya kwanza kidole kilimwangukia Asmani.

"Wewe iko na pua. Tangulia."

Asmani alidhani ni heshima. Mvua ziliisha, kiangazi kikaingia, na kila msafara kidole kilimwangukia yeye. Lori la askari lilikaa katikati, limekingwa mbele na nyuma na watu wasio na bunduki.

Kwenye kona moja kabla ya Kabezi, risasi zilikuja. Ziliingia puani. Rejeta ikapasuka, mvuke ukafunika kioo, na Asmani akaendesha akiwa kipofu, mlima kuume, ziwa kushoto, akinusa mawese yake yakimwagika, mpaka injini ikafa sokoni Kabezi. Askari walifika baadaye. Ajida alitia kidole katika tundu la kapo, akakizungusha, akacheka.

"Unaona? Pua inafanya kazi."

Tangu siku hiyo Asmani hakulala bila kukisikia kicheko kile.

"Baba Sumaya," mke wake Chausiku alimsihi, "mwambie tajiri mwenye kamiyo akupe isiyo na pua. Utakaa nyuma kama wengine."

"Na kamiyo yangu atapewa nani? Mutu mwingine ataketi pale pale, kidole kitamwangukia yeye. Sitaki kubadilisha kamiyo, Mama Sumaya. Nataka niache kutangulia."

Rejeta iliunganishwa. Asubuhi ya msafara uliofuata, ajida alinyoosha kidole.

Asmani hakuwasha. Alishuka, akainua kapo, akafungua mrija wa mafuta unaoingia kwenye injini, akauviringisha ndani ya kofia yake na kuibana chini ya kwapa. Lori lilikuwa limekaa mshazari barabarani, na kwa urefu wa pua ile hata baiskeli ilipita kwa kuomba.

"Nini hii?" ajida aliuliza.

"Inaumwa, shefu."

"Jana ilikuwa muzima."

"Inaumwa kutangulia." Aligusa tundu la risasi kwenye kapo. "Shefu, ulisema pua inafanya kazi. Iko salama sana, si ndiyo? Basi panda. Kiti kando yangu kiko wazi. Tutangulie mimi na wewe, nitarudisha mrija sasa hivi."

Ajida alitazama kile kiti. Alikitazama muda mrefu kupita kiasi, na madereva wote walimwona akikitazama. Kisha akampiga Asmani kofi, na lingine. Asmani alianguka juu ya bampa, lakini kwapa halikufunguka.

"Wewe bapa!" ajida alimgeukia Cirhuza. "Pita pembeni, tangulia!"

Cirhuza, uso wake ukiwa karibu na kioo kama picha iliyobandikwa, alimtazama rafiki yake aliyekuwa akifuta damu ya mdomo. Akazima injini.

"Ya kwangu pia inaumwa, shefu."

Nyuma yake injini nyingine ikazima, na nyingine, mpaka yakasikika mawimbi ya ziwa. Akina mama waliokuwa juu ya mizigo walianza kunong'ona, kisha mmoja akasema wazi, "Wenye bunduki ndio wanaogopa?" Ajida aliishika bunduki yake. Aliitazama barabara tupu, akaitazama safu ya nyuso. Kisha akapanda kwenye lori la askari na kupiga mlango kwa kishindo, nalo likashuka ukingoni mwa barabara, likapenya kando ya pua ya Asmani, likatangulia.

Siku hiyo hakuna risasi iliyolia. Walifika Bujumbura na Cirhuza akaja akicheka, mikono juu. "Mamba, umeshinda!"

Asmani hakucheka. Shavu lilikuwa limevimba, na hasira ilikuwa mbichi kuliko asubuhi. Iliwezekana kukataa. Siku zote iliwezekana. Walikuwa wakibishana juu ya pua, na mwenye bunduki akakaa katikati akiwasikiliza.

Nyumbani Chausiku alimkanda shavu kwa maji moto.

"Msafara ujao atakurudisha mbele," alisema. "Na atakupiga zaidi."

"Najua."

"Utafanya nini?"

Asmani alinyoosha mkono, akaivuta kofia yake yenye madoa ya dizeli, akaiweka magotini.

"Nitainua kapo."