Bwawa la Kuogelea Nyuma ya Mashine

Ukipanda bodaboda pale Rudewa ukaomba kupelekwa kwa Mzee Wenceslaus, dereva atakuuliza kama unakwenda kwenye mashine au kwenye bwawa. Ni uwanja mmoja. Mashine ya kusaga iko mbele, barabarani, na bwawa la kuogelea liko nyuma, kati ya jiko na kisima. Vijana huuliza tu ili wapate la kuchekea. Zamani mzee mwenyewe alikuwa akicheka nao, tena kwa sauti. Siku hizi akisikia neno bwawa hugeuza uso na kujifanya anakaza mkanda wa mashine.

Wala si mtu wa makuu. Babu yake aliletwa kutoka Njombe kukata mkonge enzi za manamba, baba yake akazaliwa kambini, naye akazaliwa hapohapo na hakuwahi kutamani kwingine. Mkonge ulipokufa akalima mahindi, akauza, akaweka akiba, mwisho akanunua mashine ya kusaga. Mkewe Joha ni binti wa fundi wa reli wa Kilosa mjini, Mwislamu, na miaka yote hiyo yeye na mumewe Mkatoliki wamesherehekea Idi na Krismasi kwa sufuria ileile. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Letisia. Wakamsomesha kwa jasho mpaka akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kule Mikumi, akaolewa, akazaa watatu.

Lakini huwezi kuelewa habari ya bwawa bila kumjua Sapit.

Sapit ni mfugaji, Mparakuyo, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya mashamba ya zamani ya mkonge. Mwaka mmoja wa ukame, wakati wote wawili wangali vijana wenye nguvu za kupoteza, waligundua kwamba maji yako karibu chini ya kiwanja cha Wenceslaus. Sapit akaingia shimoni na sururu, Wenceslaus akakaa juu akivuta udongo kwa ndoo na kamba. Mikono ikachubuka, wakagombana, wakapatana, wakaendelea. Maji yalipotoka walikubaliana kwa mdomo tu, bila karatasi wala shahidi: kiwanja ni cha Wenceslaus, maji ni ya wote wawili, na ng'ombe wa Sapit watakunywa hapo siku zote. Kisha kila mmoja akampa mwenzake kondoo. Kwa desturi ya akina Sapit, watu wakipeana mnyama hivyo huacha kuitana majina yao, huitana kwa jina la yule mnyama. Basi tangu siku hiyo Wenceslaus akamwita Sapit Paker, na Sapit akamwita yeye Paker. Watu wa mkonge walimtania sana Wenceslaus kwa jina hilo, naye alilivaa kama koti jipya.

Wazo la bwawa alilitoa Mikumi. Alikwenda kumtembelea Letisia Pasaka moja, akakuta wajukuu wanaogelea kwenye bwawa la hoteli, kwa ruhusa ya meneja, siku isiyo na wageni wengi. Walikuwa wanapiga kelele za raha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani kwake. Akakaa kivulini na soda yake, akawatazama, akafurahi, na katikati ya furaha hiyo akaingiwa na wivu. Jioni akawauliza watakuja lini Rudewa. Mjukuu mkubwa, msichana mwenye adabu zake, akajibu, "Babu, kwako tukija tunafanya nini?"

Hakuwa na nia mbaya. Ila babu alilala na swali hilo, akaamka nalo, akarudi nalo Rudewa.

"Nitawachimbia bwawa," alimwambia Joha kabla hata hajaweka mfuko wake chini.

Joha alikuwa anachambua mchicha. "Bwawa la nini? La samaki?"

"La kuogelea. Kama la hoteli, ila dogo."

"Maji utatoa wapi?"

"Kisima si hicho hapo?"

"Hicho kinanywesha ng'ombe wa Sapit, kiangazi chote," alisema Joha. "Watakunywa wapi?"

"Sapit ni mtu wangu. Ataelewa."

Hadi leo, akikaa peke yake, neno hilo ndilo linalomrudia. Alilisema haraka, kama mtu anayemlipia mwenzake nauli kwa hela za huyohuyo mwenzake.

Fundi alimpata Morogoro, kijana mmoja anayeitwa Ditram, mjuzi wa mabwawa, aliyekwishajenga kwenye nyumba za watu wenye uwezo. Ditram alikuja na kamba, vigingi na chokaa, akatembea uwanjani mara mbili akainua mabega. "Mzee, mahali pazuri ni hapa tu, karibu na kisima. Bomba litakuwa fupi." Hapo alipopaonyesha ndipo ng'ombe walipokuwa wakipita kwenda kwenye birika lao la kunyweshea. Njia yenyewe ilionekana, udongo umekanyagwa mpaka ukang'aa. Wenceslaus akasema ng'ombe watazungushwa kwa nyuma ya choo, akamwagiza Ditram amwage chokaa. Joha alisimama mlangoni akaiona njia ya ng'ombe inapigwa mstari mweupe katikati, akarudi ndani.

Nisimnyime mzee haki yake, kazi ilipendeza. Walichimba kwa jembe na sururu, upande mmoja kina cha kiunoni kwa watoto, upande wa pili cha mtu mzima. Wakasuka nondo, wakamwaga zege, wakainyunyizia maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Ikaja plasta maalumu, nyeupe, laini kama ganda la yai, na ukanda wa vigae vya bluu ukingoni. Wateja wa mashine waliacha unga ukitoka wakaja kuchungulia. Sapit naye alikuja, akasimama na fimbo yake, akauliza watoto wataingilia wapi na watatokea wapi. Alipoonyeshwa ngazi akacheka. Alisema, "Paker, umewajengea birika zuri kuliko la ng'ombe wangu." Wakacheka wote.

Siku ya kuanza kujaza, Ditram alimkazia macho mzee. "Sikiliza. Plasta hii ikishaanza kupata maji usisimamishe mpaka ijae. Ukisimamisha katikati, maji yataacha mstari ukutani, na huo mstari hautoki. Utauona kila siku." Kisha akapanda basi akarudi Morogoro.

Ilikuwa Desemba, vuli imechelewa, nyasi zimekuwa za rangi ya mkeka mkuukuu. Wajukuu walitarajiwa kabla ya Krismasi. Pampu ya kisima ikawashwa, ikalia usiku na mchana, na kila tone ambalo kisima kiliweza kukusanya likaenda bwawani. Wenceslaus aliketi kwenye stuli akiangalia maji yanapanda, kwa furaha aliyoikosa kwa miaka.

Maji yalipofika kimo cha goti, Sapit akatokea na kundi lake.

Walikuwa wametembea tangu asubuhi, maana malisho ya karibu yalikwisha. Ng'ombe walipoisikia harufu ya maji wakaharakisha, wakapita nyuma ya choo wakisukumana, wakafika kwenye birika. Birika lilikuwa kavu. Wakageuka wote kuelekea kwenye bwawa na kulalia ua wa miti aliouweka Ditram, wakinyoosha shingo.

"Paker," Sapit alisema, "pampu inakwenda wapi?"

Wenceslaus akamweleza. Alimweleza vizuri kabisa, plasta ni ya namna gani, fundi kasema nini, na mstari unatokeaje. "Kesho kutwa tu," akamalizia. "Likishajaa, kisima chote ni chako."

"Ni mstari ukutani?"

"Ndiyo. Hautoki."

Sapit aliitazama plasta, akawatazama ng'ombe wake, kisha akamtazama rafiki yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wenceslaus alifikiri anatafakari habari ya plasta.

"Sawa, Baba Letisia," Sapit akasema. Akapiga mluzi, akaanza kuwageuza ng'ombe. Haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa hawakutaka kugeuka.

Vumbi lilipotua, Joha alitoka jikoni. "Umesikia alivyokuita?"

"Ameniita vipi?"

"Baba Letisia. Amekuita kama wanavyokuita watu wa sokoni."

Wenceslaus aliitazama swichi ya pampu. Ilikuwa pale pale ukutani, mkono ungeifikia bila yeye kuinuka. Angeweza kuizima, akamkimbilia, na Sapit hakuwa amefika mbali. Lakini akamwambia Joha asikuze mambo, akakaa.

Sapit aliwapeleka ng'ombe mtoni, mwendo mrefu juu ya mwendo mrefu. Mtoni bustani za watu zimebanana pande zote mbili, na ng'ombe wenye kiu hawasikii fimbo. Waliingia kwenye nyanya na vitunguu vya mtu. Wenye bustani walikuja na mapanga, wafugaji wakaja na fimbo, ikabaki kidogo damu imwagike. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao, Sapit akaonekana ana makosa, akauza madume yake akalipa. Ng'ombe mmoja aliyekuwa amezaa karibuni alianguka njiani wala hakuinuka tena. Habari hizi Wenceslaus alizipata kwa mteja, huku anampimia pumba. Alisema moyoni atakwenda kumpa pole Krismasi ikipita. Krismasi ikapita, akasema mvua zikikatika. Mvua zilipokatika, boma la Sapit lilikuwa tupu, wamehamia upande wa Msowero. Alijiambia kilichomzuia ni shughuli, na haikuwa shughuli, ilikuwa aibu.

Bwawa lilijaa vizuri. Ukuta haukupata mstari.

Wajukuu walikuja, na mtu asiseme hawakufurahi. Babu alikunja suruali akakaa ukingoni miguu ikiwa majini, mdogo wa mwisho akamrukia mgongoni, na Letisia akapiga picha zilizofika mpaka kwa ndugu wa Njombe. Mwaka uliofuata wakaja tena. Kisha mkubwa akaingia sekondari, akapata simu, na kwa babu mtandao ulikuwa unasuasua. "Shikamoo baba," Letisia alikuwa akipiga kila inapokaribia likizo. "Mwaka huu watoto wana masomo ya ziada." Likizo ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Mzee akaacha kununua dawa ya kusafishia. Maji yakawa ya kijani, vyura wakahamia, na jioni wakawa wanapiga kelele ambazo zilimfanya Joha afunge dirisha.

Ndipo, baada ya masika ya mwaka jana, Wenceslaus alipofunga mfuko wa unga aliousaga mwenyewe, akakodi bodaboda mpaka Msowero, akauliza njia boma kwa boma.

Seleina, mke wa Sapit, ndiye aliyemwona kwanza. "Karibu, shemeji," alisema, akapokea unga kwa mikono miwili na kumtolea kigoda. Sapit alikuja kutoka zizini, mabega yameinama kidogo kwa uzee. Walishikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, za wake, za watoto, za mvua, kila kitu kwa utaratibu wake. "Habari za Rudewa, Baba Letisia?" Sapit aliuliza. Wenceslaus alikuwa amejiandaa kusikia jina hilo, na bado lilimuuma.

Aliyotaka kuyasema alikuwa ameyapanga njiani, lakini yalitoka ovyo. "Mbona hukunitukana siku ile? Ungepiga kelele tu. Ningezima pampu."

Sapit alichora mchanga kwa ncha ya fimbo. "Najua ungezima."

"Sasa kwa nini?"

"Ng'ombe ulikuwa unawaona?"

"Nilikuwa nawaona."

"Basi," Sapit alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayemaliza hesabu ndogo.

Wenceslaus alimwambia atalifukia bwawa, njia ya ng'ombe irudi ilipokuwa, kisima kiwe chao kama mwanzo. Alimwambia anaomba msamaha.

"Nilikusamehe zamani," Sapit alisema. "Mtu hakai na hasira anachunga ng'ombe. Lakini kisima kile nimekuachia. Watoto wangu wamechimba kingine hapa. Bwawa usilifukie, ni la wajukuu wako."

"Hawaji."

Ilionekana Sapit amesikitika kweli. "Siku wakija, walete kwetu," akasema.

Seleina akaleta maji ya kunywa katika kikombe cha bati, akakipangusa ukingo kwa kanga kabla ya kumpa mgeni. Wenceslaus alikuwa na kiu ya njia nzima. Akanywa mafunda mawili makubwa, akasita.

"Yana chumvi kidogo, shemeji," Seleina alisema kwa kuomba radhi. "Mwanzoni ndama waliyakataa. Sasa wamezoea."

"Na nyinyi?"

"Na sisi."

Sapit alikuwa anatazama upande wa zizi. Wenceslaus alikishika kikombe kwa mikono miwili akayanywa yote, kwa sababu mbele ya watu wale hakuweza kuyamwaga.