Kijiti cha Bi Tatu

Niliondoka Kasulu kwa sababu ya maziwa. Binti yangu Zainabu alikuwa amejifungua Ujiji, maziwa yake yakawa machache, na mtoto akaanzishiwa ya kopo. Mimi ni nesi mstaafu. Maziwa ya kopo yanataka maji salama, na kwa habari ya maji simwamini mtu. Nikafunga mzigo.

Saa mbili asubuhi basi lilikuwa limeshaanza kuteremka. Kidahwe tulisimama, nikanunua mawese na mkungu wa ndizi, maana kwa wakwe huendi mikono mitupu. Jirani yangu kitini aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamjibu, kuchemsha maji. Alicheka, nami nikamnunia hadi Kigoma mjini.

Adhuhuri nilikuwa Ujiji. Nyumba yao iko hatua chache tu kutoka ziwani. Mama wa mkwe wangu, Bi Tatu, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa, alinikumbatia kama ndugu. Mjukuu nilimkuta mdogo kuliko nilivyotarajia, analia kwa sauti nyembamba. Nilimpakata.

Asubuhi ya pili bomba halikutoa kitu, na Bi Tatu alikuwa ametoka. Nikachukua ndoo nikashuka ziwani. Nimezoea kuliona ziwa hili likiwa angavu, mawe ya chini unayahesabu, lakini siku hiyo, mwisho wa kiangazi, kando kulikuwa na ukijani. Majani tu, nikajisemea. Nikachuja kwa kanga, nikachemsha yakatokota, nikayapoza. Nilikuwa nimeshachota kijiko cha maziwa ya unga Bi Tatu alipoingia na madumu mawili ya maji ya kisima kutoka mtaa wa Kasingirima.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha, kisha akaiona ndoo. "Haya ya wapi, mzazi mwenzangu?"

"Ya ziwani. Nimeyachemsha."

Aliinua sufuria akamwaga yote uani. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia nimefundisha watu kuchemsha maji tangu yeye hajazaa, na hiyo ni jeuri. Hakubishana. Alinishika mkono tukashuka ufukweni, akaokota kijiti, akakitumbukiza kwenye ule ukijani, akakiinua.

"Tazama. Kingetoka na nyuzi zinaning'inia, yangekuwa majani. Hiki kimetoka kama kimepakwa rangi. Hii ni sumu. Mwaka juzi mbuzi wangu watatu walikunywa hapa, jioni nikawafukia."

"Ndiyo maana nikachemsha."

"Mchuzi ukizidi chumvi, ukiuchemsha chumvi inatoka?"

Nilikichukua kile kijiti, nikakigeuza.

"Moto unaua mdudu," akasema taratibu. "Sumu haina roho ya kutoka."

Nikakaa mchangani. Kijiko kimoja tu kilikuwa kimebaki kati ya sumu ile na mtoto. Nililia, na sioni haya kusema.

Siku zilizofuata nilimfuata Bi Tatu kila alfajiri. Anatumbukiza kijiti sehemu tatu, kwa kuwa upepo huusogeza ule ukijani, halafu anatamka neno moja, "rangi" au "majani", nalo linapita nyumba kwa nyumba kabla chai haijaiva. Siku ya rangi hakuna anayechota wala kuoga, na bata hufungiwa. Nilimuuliza, na kikitoka safi je? "Naendelea kuogopa," akasema. "Kijiti hakioni kila kitu. Mtoto atakunywa ya Kasingirima." Mwanamke huyu aliishia darasa la pili, nami na vyeti vyangu nilikuwa namshikia ndoo. Nilimheshimu mno.

Siku ya kurudi mjukuu alikuwa na mashavu. Bi Tatu alimbeba hadi stendi, akamwinua hadi kwenye dirisha langu la basi. "Muage Bibi Chemsha," akamwambia, abiria wote wakasikia.

Huku Kasulu bado nawaambia watu wachemshe maji, ila kwanza nauliza yametoka wapi na yana rangi gani. Jina nalo limenifuata. Zainabu anasema mtoto akianza kusema, ndilo atakaloniita. Na aniite, maadamu yupo wa kuniita.