Barua Aliyoisoma Tata

Mpaka leo nikipita sokoni Nshamba kuna wazee watatu wanne wataniita "Daktari", na vijana wanaowasikia hunipa shikamoo nzito wakidhani nina hospitali mahali fulani, nami huitikia haraka na kuongeza mwendo, kwa sababu katika maisha yangu sijatibu kitu cha kutaja isipokuwa goti la Mama Kokugonza, na hilo goti nitalieleza, maana nimeamua leo kusema yote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Udaktari wangu ulidumu miezi mitatu, na aliyeumaliza ni baba yangu mzazi, mbele ya kijiji kizima, bila kukusudia.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Bukoba mjini (nilikaa Rwamishenye kwa baba mdogo), nikaomba udaktari, na enzi hizo chuo kikuu nchini kilikuwa kimoja na wa udaktari walichukuliwa wachache mno. Mwaka ule wakasema majibu yatakuja mara mbili, kwanza ya mapema kwa waliofanya vizuri kupita wote, kisha baadaye ya wengine. Mwalimu wangu, kwa wema wake tu, akaniambia, "Wewe Projestus utakuwa kwenye yale ya mapema, subiri mwisho wa mwezi." Nikarudi nyumbani nikamwambia Tata, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, maneno hayo hayo, sikuongeza hata moja, naye akasimama papo hapo akatoka kwenda kibanjani, kwenye migomba yetu, kutazama mikungu.

Sasa kwa asiyeijua rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimweleze kidogo, kwa sababu bila hiyo hataelewa niliingiaje mtegoni. Rubisi haitengenezwi siku ya furaha. Ndizi zinakatwa, zinavundikwa siku kadhaa mpaka ziive, zinakanyagwa kwa miguu na nyasi mpaka juisi itoke, inatiwa mtama, inalala, na ikishakuwa tayari hainisubiri mimi wala chuo kikuu, inanyweka siku mbili hivi halafu inakuwa siki. Kwa hiyo anayetaka kusherehekea mwisho wa mwezi lazima aanze kabla hajajua kama kuna cha kusherehekea. Tata alivundika ndizi kwa neno la mwalimu. Mama alimwambia asubiri barua, akajibu kwamba barua inaweza kukaa, ndizi haziwezi.

Na kweli barua ikaja Jumapili ileile pombe ilipoiva. Katekista alinikabidhi baada ya Misa (sanduku la posta lilikuwa la parokia, wote tulitumia hilo), na kabla sijaitia mfukoni nusu ya waumini walikuwa wameshaiona bahasha na wanatufuata nyumbani. Tata alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe na koti juu. Shangazi alikuwa ametembea kutoka Ngenge na jogoo kwapani. Kahawa za kutafuna zilikwisha kuzungushwa, vibuyu vimejaa, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ameshaonja, tena zaidi ya kuonja.

"Tusomee," akasema Tata.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na pale uani hakuna aliyekijua isipokuwa mimi. Nikaisoma kimoyomoyo. Haikusema nimechukuliwa, wala haikusema nimekataliwa. Ilisema jina langu limewekwa kando, litafikiriwa tena pamoja na ya wengine, niwe na subira. Niambieni nyinyi, maneno ya namna hiyo unayasemaje mbele ya watu mia walioshika vibuyu? Nikamtazama Tata, nikamtazama shangazi na jogoo wake, nikajiambia kwamba hii si kukataliwa, ni suala la muda tu, kwa hiyo nikisema leo kitakachotokea kesho sitakuwa nimedanganya, nitakuwa nimewahi kidogo (kijana wa miaka ishirini akitafuta sababu hakosi).

"Wamenichukua," nikasema.

Basi. Neno moja tu, mengine yote yakafuata yenyewe. Vigelegele vikapasuka, shangazi akalia, jogoo akachinjwa. Kufika Jumatatu jina la Projestus lilikuwa limekufa, nilikuwa Daktari. Jumanne Mama Kokugonza, jirani yetu mjane, akaja na goti lake limevimba, akaketi, akapandisha kanga, akanitazama. Nilimwambia sijaanza kusoma, akasema anayekwenda kusoma udaktari hawezi kukosa kujua goti moja. Nikamwambia alikande kwa majani ya mgomba yaliyopashwa moto, kitu ambacho bibi yangu angemwambia bila kidato chochote, naye akaenda akasema kila mahali kwamba nina mkono wa tiba. Waliofuata sitawataja. Mmoja wao alikuwa mbuzi.

Mwenyekiti wa kijiji naye akaona si sawa daktari ashike jembe katika shamba la ujamaa, akanipa darasa la kisomo, yaani la watu wazima wasiojua kusoma, kwenye ghala la chama cha kahawa. Na siku ya kwanza nani kaketi benchi la mbele na daftari jipya? Tata. Miaka yote alikuwa amekataa kisomo, akisema mzee hakai mbele ya ubao. Nilipomuuliza kimebadilika nini, akanijibu taratibu, "Baba wa daktari hawezi kuendelea kuweka dole gumba."

Hapo nilitaka ardhi inimeze. Lakini niseme ukweli mwingine pia, kwamba miezi ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi na baba yangu. Jioni tulirudi pamoja kati ya migomba akisoma kila alichokikuta, gunia la kahawa, mkebe wa mafuta, kalenda ya mwaka uliopita, huku ameninyooshea kidole ili nisimsaidie. Alinung'unika jambo moja tu, kwamba hakuna mtu aliyemwandikia barua, na mtu anayejua kusoma ambaye hana barua amejifunza bure. Mimi nilikuwa naomba kila usiku majibu ya pili yaje na kuusafisha uongo wangu.

Darasani nilikuwa na kanuni yangu. Mtu anasoma sentensi silabi kwa silabi, kisha nasema "Unganisha," anairudia yote kwa pamoja ili aisikie, na darasa linampigia makofi matatu. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe na nilijivunia sana, ikumbukeni.

Siku ya mtihani alikuja mkaguzi kutoka Bukoba, kijiji chote kikakusanyika nje ya ghala. Tata alifaulu, akapewa cheti, akakishika kwa mikono miwili. Hapo mwenyekiti, ambaye siku hizo barua za wanakijiji zikitoka parokiani zilipitia ofisini kwake, akamwambia mkaguzi kwamba kijiji hiki kimetoa daktari, tena barua yake ya safari bila shaka ndiyo hii imefika leo asubuhi. Akaiinua. Niliruka kutoka nilipokuwa, lakini Tata alikuwa mbele, akaichukua, akaipasua bahasha, akaona maandishi, na uso wake ukang'aa. Ilikuwa ya Kiswahili! Ofisi nyingi wakati ule zilikuwa zimeanza kuandika Kiswahili, na mimi msomi sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Nikamwambia aniachie, kwamba ni mambo ya kiofisi, yana maneno magumu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Umenifundisha ili iweje?" akasema.

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Ka-ma tu-li-vyo-ku-a-ri-fu ka-ti-ka ba-ru-a ye-tu ya kwa-nza, ji-na la-ko li-li-we-kwa ka-ndo. Jasho lilikuwa linamtoka, mimi pia. Tu-na-si-ki-ti-ka ku-ku-fa-ha-mi-sha kwa-mba hu-ku-cha-gu-li-wa. Kwa jinsi alivyokuwa anapambana na herufi hakusikia anachokisema, wala wenzake hawakusikia, waliona tu mzee amefika mwisho wa mstari mrefu bila kukwama, na wote wakapiga makofi matatu, na mkaguzi naye akapiga.

Halafu Tata akanigeukia, akingoja niseme kile ninachosema siku zote. Sikusema. Mama Kokugonza akasema kwa niaba yangu, kutoka nyuma, kwa moyo mweupe kabisa: "Unganisha."

Akaunganisha. Safari hii kila mtu alisikia, na yeye mwenyewe alisikia wa mwisho. Sauti ilimpungukia kwenye "hukuchaguliwa", lakini alilimaliza neno. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kokugonza akauliza, "Kwa hiyo goti langu je?" na kijiji kizima kikaangua kicheko, na mimi nikakimbia, msomi wa kidato cha sita, mbele ya mkaguzi wa elimu, nikaingia kwenye migomba.

Tata alinikuta jua linapozama nimekaa kwenye shina la mgomba uliokatwa. Akaketi kando yangu na cheti na barua mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, kwa laana, kwa lolote. Akaniuliza ile ya kwanza ilisema nini hasa, nikamwambia ilisema nisubiri.

"Mwanangu, rubisi ilikuwa imeshaiva," akasema. "Ungesema subiri, tungeinywa vilevile."

Nikalia. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba wale watu wote na vibuyu vyao wangeweza kuyapokea maneno yale kama yalivyo. Akaniacha nilie, kisha akageuza barua kwenye mwanga uliobaki, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayeogopa jibu, "Lakini nilisoma vizuri?"

Nikamwambia alisoma vizuri sana.

Nikawa mwalimu, na watu wameniletea barua nyingi za kuwasomea na kuwatafsiria, za kortini, za hospitali, za wachumba, na tangu siku ile niliapa kusema kilichoandikwa, herufi kwa herufi, hata kama nje pombe imeiva. Lakini adhabu yangu haikuishia kwenye kiapo. Ile ilikuwa barua ya kwanza Tata kuisoma, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo barua aliyoisoma vizuri kuliko zote, kwa hiyo kila mgeni aliyefika nyumbani alipewa kahawa za kutafuna, kisha barua ikatolewa mfukoni mwa koti akasomewa, mimi nikiwa nimekaa palepale. Padri aliisikia. Wakwe zangu waliisikia siku ya harusi yangu: Tata aliposimamishwa aseme neno la mzazi, akaingiza mkono kotini, nikamwona mama akifunika uso, naye akaisoma yote bila kukwama popote, "tunasikitika kukufahamisha kwamba hukuchaguliwa", kwa sauti ya mtu anayetangaza ushindi. Bibi harusi akanitazama asielewe kitu. Kule nyuma wazee wa kisomo wakapiga makofi matatu, na safari hii nikapiga na mimi.