Kanda ya Pili

Harufu ndiyo iliyotangulia. Bi Fatuma wa Kibokoni aliliweka furushi juu ya meza yangu ya kazi, kati ya simu zilizopasuka vioo, akaanza kulifungua polepole. Lilikuwa leso kuukuu, na kila fundo lililofunguka lilitoa kitu chake: udi uliokolea, asumini zilizokauka zikawa kama vipande vya karatasi, na chini ya hayo yote, harufu ya plastiki iliyolala kabatini miaka mingi. Nilijua ni kanda ya video kabla hajamaliza fundo la mwisho.

"Nataka unitilie kwenye simu," akasema. "Ni kupamba kwangu, nilipoolewa. Lakini usitazame, mwanangu."

"Sitatazama, bi."

"Wafanyaje kazi usiyoitazama?"

Nikamwonyesha. Kanda za wanawake nina namna yangu ya kuzifanyia kazi: skrini naigeuza ielekee ukutani, nami nabaki na sauti tu, na namba za mtambo zinazohesabu dakika. Sauti ikikwaruza najua kichwa cha deki kimechafuka, nasimamisha, nasafisha, naendelea. Alicheka akasema fundi mwenye adabu kama mimi siku hizi adimu. Niliinama nikajifanya natafuta waya. Adabu ile nilifunzwa, ndiyo, lakini ada ya mafunzo alilipa mtu mwingine.

Alipoondoka nikaitia kanda, nikaugeuza uso wa skrini ukutani. Vigelegele, ngoma, viti vinavyoburutwa. Kisha, karibu sana na kinasa sauti, sauti ya mtu aliyeshika kamera: "Bibi arusi, inua uso kidogo. Hapo hapo. Mashallah." Sauti ile ilikuwa ya miaka zaidi ya thelathini iliyopita, nami niliijua mara moja.

Mimi ni mtu wa mashine, wasomaji wangu, na ni mtu wa njia. Nilimaliza kidato cha nne, nikaona darasa linalonifaa ni lile lenye waya. Nimetengeneza redio Tanga, kompyuta Kisumu, simu Muscat, na kila mji nimeondoka kabla watu hawajanizoea. Nimeona mambo yakija na kwenda. Vijana wa leo hukaa vibarazani wakiwafanyia kazi mabosi wasiowahi kuwaona, na nawapenda kwa hilo; siwapendi wanaponiambia kwamba filamu nzuri ni ile isiyozidi dakika moja. Picha zao wanaziweka kwenye wingu la mtandao. Nikiwauliza wingu hilo li wapi, wanacheka. Mimi nacheka nao, lakini rai yangu ni hii: kila mashine niliyowahi kuifungua ilitengenezwa na mtu aliyefikiri sana juu ya kunakili, na hakufikiri hata kidogo juu ya kufuta.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuwa fundi tayari. Ami yangu aliyekuwa Uarabuni alituletea deki ya video, na wiki haikupita nikawa nimeufungua mfuniko. Mtaa mzima ukajua: deki ikileta mvua kwenye picha, mpelekee Abdu wa Bi Salma. Nilikuwa na pamba na kichupa cha spiriti, na nilikuwa na kiburi kisichopata nafasi ndani ya kifua cha mtoto. Akina mama wakinipa visheti huku wakisema, "Huyu atakuja kuwa injinia." Mamangu akijibu, "Inshallah," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona cheti.

Aliyenifunza hasa alikuwa Bi Rukiya. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye bega moja lililoinama kidogo kwa uzito wa kamera. Pale kwetu, usiku wa kupamba ni wa wanawake. Mlango hufungwa, mabuibui huvuliwa, na waliokuwa kimya mwaka mzima hucheza. Mwanamume haingii, basi na kamera ya mwanamume haingii. Kwa hiyo kila arusi iliyotaka kumbukumbu ilimwita Bi Rukiya, na hakuitwa kwa sababu ya picha nzuri. Aliitwa kwa sababu ya neno lake. Siku ya kukabidhi kanda alikuwa akija mwenyewe, kanda imefungwa kwa leso, akimpa mama wa bibi arusi mkononi na kusema: "Hii ndiyo moja. Hakuna ya pili."

Kwetu alilisema neno hilo baada ya arusi ya dadangu Swabra. Mama alibusu kanda, akaifungia kabatini, na ufunguo akautia ndani ya kijaluba cha udi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimenuna. Ilikuwa arusi ya kwanza mimi kufukuzwa kwa kuwa nimekuwa mkubwa. "Nenda kwa wanaume wenzio," walinambia, nami nikaenda nikakaa na watu wanaozungumzia bei ya mchele.

Siku chache baadaye nilikuwa na deki mbili nyumbani. Moja yetu, moja ya jirani, imeletwa nisafishe kichwa. Bi Rukiya alikuwa amewahi kunieleza kwamba ukiziunganisha deki mbili kwa waya mmoja, moja hucheza na ya pili hunasa. Nilikuwa nimeota jambo hilo. Mama alikuwa amekwenda Biashara Street kuchagua leso, nyumba ilikuwa kimya, na waya nilikuwa nao. Zilizobaki kutakiwa ni kanda mbili. Ya kunasia ilikuwepo: filamu ya Kihindi tuliyoikodi dukani, ambayo ilikuwa na dakika kumi hivi tupu mwishoni. Kijino chake cha plastiki kilikuwa kimevunjwa ili isifutike, lakini hilo si kitu. Unabandika selotepu juu ya tundu, na mashine hudanganyika. Ya kuchezea ilikuwa moja tu ndani ya nyumba yote. Nilikwenda kwenye kijaluba cha udi.

Nitasema kweli. Nilijiambia nitatazama namba tu, na kwa muda nilitazama namba. Kisha nikainua macho, nikamwona mamangu. Nywele zake zilikuwa zimefunguliwa, asumini zimemjaa shingoni, na alikuwa akicheza huku akicheka kwa mdomo wazi. Sikuwahi kumwona anacheka hivyo. Nilisahau kwamba nafanya jaribio. Nilipozinduka, dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na mwisho wa filamu ya watu palikuwa na mamangu, dadangu, na nusu ya wanawake wa Kibokoni.

Nilikusudia kufuta. Naapa nilikusudia. Lakini stima ikapotea, kama ilivyokuwa ikipotea, na iliporudi nikasikia na viatu vya Mama ngazini. Kanda ya Swabra niliwahi kuirudisha. Ile nyingine aliiona juu ya meza. "Hii kanda ya duka haijakwenda? Ndoo hapa, ichukue, watu wasituone hatuna haya." Nikaichukua. Njiani nilijituliza kwa hesabu ya kitoto: filamu ikishakwisha, nani huendelea kutazama?

Wanaoendelea kutazama ni wanaume wanaokunywa kahawa. Filamu kwao hukwisha, mazungumzo hayakwishi, na hakuna anayenyanyuka kuizima. Kanda ilikodiwa na watu wa mtaa wa Tononoka, na juma halikupita mmoja wao akamwambia shemeji yangu, mume wa Swabra, mbele ya wenzake: "Bwana arusi, kumbe kwa wakweo wanajua kujimwaya hivyo! Hata mkweo mwenyewe!" Wenzake wakacheka. Shemeji alikuja kwetu uso umempauka. Mwenye duka, kwa haya, alikuwa ameshaifuta kanda na hakutaka kuulizwa neno. Nasi tulikodi filamu kila juma kama kila mtu, kwa hiyo Mama hakuyaunganisha na kanda niliyoirudisha mimi. Kwake mimi nilikuwa mtoto wa kutengeneza vitu.

Alasiri ya siku ya pili wanawake kumi na wawili walikaa sebuleni kwetu. Kahawa ilimiminwa, haikunywewa. Bi Rukiya aliingia, akatoa salamu, akabaki amesimama.

"Rukiya," Mama akasema, "ulinambia hakuna ya pili."

"Na hakuna, Salma."

"Yangu imo kabatini, ufunguo ninao mimi. Basi wale wanaume wameona nini? Nimecheza ndani ya nyumba yangu, mlango umefungwa. Leo siwezi kupita mbele ya kibaraza."

"Labda kanda za Rukiya huzaa pacha," mmoja akatupa, na wengine wakaguna.

"Zaweza kuzaa," Bi Rukiya akajibu bila kupandisha sauti. "Penye deki mbili na waya, yeyote aweza kunasa. Si lazima awe na kamera."

"Maneno ya kujiokoa hayo."

"Basi msinisadiki mimi." Akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya pazia. Alitabasamu, kama mtu aliyeona mlango wazi. "Ndoo hapa, Abdu. Huyu ndiye fundi wenu, nyote mwamjua. Waambie, mwanangu. Kanda yaweza kunakiliwa bila kamera?"

Walinigeukia wote. Waya ulikuwa ndani ya mkoba wangu wa vitabu, hatua tatu kutoka miguuni pao.

"Haiwezi," nikasema. "Lazima iwe kamera."

Na kwa kuwa mwongo hujiona hajakamilisha, nikaongeza ufundi kidogo: "Waya ule ni wa sauti tu. Picha haipiti."

Tabasamu la Bi Rukiya halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kwa muda, limesahauliwa. Kisha macho yake yakashuka kutoka usoni mwangu mpaka kwenye mikono yangu, yakakaa huko, kwenye vidole vyenye harufu ya spiriti. Nilimwona akijua. Nikangoja aseme.

"Haya," akasema. "Fundi ameshasema."

Akajitanda buibui lake, akatoka. Hakuitwa tena kwenye kupamba kokote. Kamera aliiuza, akawa anapika mahamri na kuyapitisha majumbani asubuhi, lakini kwetu hakupitisha. Mama naye, katika arusi zote alizoalikwa mpaka alipofariki, alikaa kitini akapiga makofi. Nilipokuwa mdogo nilidhani amezeeka. Siku ile alikuwa na miaka thelathini na saba.

Watu huniuliza kwa nini sikai mahali. Huwaambia kazi za mashine ndivyo zilivyo. Kweli ni kwamba tangu siku ile kila nilipomwona Bi Rukiya mbele yangu niliingia uchochoro mwingine, na mji wetu ni mdogo, vichochoro viliniishia. Niliporudi, miaka mitatu iliyopita, alikuja mwenyewe dukani kwangu ameshikwa mkono na mjukuu wake. Anaishi Tononoka sasa kwa mwanawe, macho yamepungua. Alikuwa na simu isiyokubali kuchaji. Nililisafisha tundu lake kwa pamba na spiriti. Alinusa hewani, kisha akaniuliza kwa upole:

"Fundi, hizi mashine za siku hizi, zaweza kunakili bila kamera?"

"Zaweza, bi," nikasema. "Na za zamani ziliweza."

"Alhamdulillahi. Elimu imeongezeka." Akanyoosha mkono kupokea simu yake. Mjukuu hakuelewa lolote. Nilidhani nimetubu. Nililala vizuri siku zile.

Mpaka juzi Bi Fatuma aliporudi kuchukua kanda yake. Aliitazama picha ya kwanza kwenye simu, akaificha kifuani akicheka kama msichana.

"Hukubakisha nakala?"

"Sikubakisha, bi. Nimefuta mbele yako."

"Nakusadiki. Wajua aliyetunasa ni Rukiya, yule, kabla hajaharibika. Nilikuwepo kwenu siku ile. Na wewe ulikuwa mtoto, ukasema kweli mbele ya watu wazima. Mpaka leo huwasimulia wajukuu."

Huwasimulia wajukuu! Nilikuwa nikiamini jambo lile limekufa, kumbe lilikuwa likinakiliwa miaka yote, nyumba hata nyumba, kwa sauti yangu ya mtoto.

"Keti kidogo, bi," nikasema.

Nilimweleza: deki mbili, waya, selotepu, ufunguo ndani ya kijaluba. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameikunja ile leso ikawa ndogo kama kiganja.

"Na Rukiya yuwajua?"

"Alijua siku ile ile. Nami nimekiri kwake miaka mitatu iliyopita."

"Umekiri kwake yeye?" Alinitazama kama anayetazama kitu kilicholetwa kutengenezwa, hajui kama kitafaa. "Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa, Abdu. Tulikuwa kumi na wawili pale. Mimi nimesikia leo. Waliobaki je?"

Mamangu yumo kaburini na wengine wengi wamemfuata. Nilichokosa kuelewa nikiwa mtoto, na nikiwa mtu mzima mwenye kutembea miji, ni kwamba Bi Rukiya hakuninyamazia kwa kuwa lile jambo lilikuwa dogo. Alikuwa na neno moja tu la kuuza mjini, nami nililivunja. Na alipoweza kulivunja la kwangu, alimtazama mtoto wa miaka kumi na moja akaliacha zima. Kuliambia sikio lake peke yake, dukani, kuliniponya mimi tu.

Bi Fatuma ameahidi atawaeleza wajukuu wake. Waliobaki hai nitawafuata mlango kwa mlango, na kwa nisiowajua walipo, naandika hapa. Siku ile nyumba yetu ilikuwa na deki mbili. Bi Rukiya alitoa kanda moja. Ya pili niliifanya mimi.