Kona ya Tluway

Harufu ya mizizi mibichi iliyokatwa na sururu bado inanipandisha hasira. Ilinijaa puani kiangazi chote nilichokaa na baba yangu kwenye kambi ya wachimba barabara, ndani ya hifadhi, mbali na kwetu Bonga. Nilikuwa darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtoni huku wanaume wanang'oa visiki, vumbi limewakaa kwenye kope mpaka humjui mtu ila kwa sauti. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Tluway, jirani yetu. Akiniona nasuasua na debe ananipigia kelele: "We mtoto, hayo maji unayaleta au unayatembeza?" Kambi nzima inacheka, na mimi nacheka.

Siku moja mti ukamwangukia, akafa. Lori bovu, jua kali, tukamzika palepale kwenye udongo laini, kila mtu akaweka jiwe lake. Kwetu kaburi la njiani hulipiti mikono mitupu, unaliongezea jiwe. Wiki iliyofuata wapimaji wakaja na vigingi vyao, mstari ukapita juu ya kaburi. Mnyapara akasema tuchimbe. Baba akaweka sururu chini. "Mimi Tluway simkanyagi, na gari lenu halimkanyagi. Pindeni." Wenzake nao wakaweka sururu chini, mmoja mmoja. Siku tatu hakuna aliyegusa udongo. Barabara ikapinda. Baba akafukuzwa kazi, na shule yangu ikaishia hapo, maana nyumbani ilitakiwa mikono, si daftari. Duka na mashamba niliyonayo leo nimeyatafuta kwa mikono hiyohiyo. Sijamlaumu baba hata siku moja.

Sasa mwaka huu binti yangu, mwalimu pale Nangara, akasema, "Baba, na wewe twende kule hifadhini ukatembee kama watalii." Nikaokota jiwe shambani, nikalitia kwenye mfuko wa koti. Tembo nimewaona, twiga nimewaona, sawa. Tulipofika kwenye kona ile dereva akasimamisha gari, akatangaza kwa furaha: "Hapa wataalamu walipinda barabara makusudi, ili wageni waupige mto picha vizuri."

Wataalamu! Nikamwambia kuna mtu amelala pale kwenye majani, nataka kushuka.

"Shikamoo mzee wangu, lakini hapa hatushuki. Kuna simba."

"Simba walikuwepo tukichimba, kijana, na tulikuwa na sururu tu!"

Binti yangu akanivuta koti. "Baba jamani, watu wanatuangalia."

Waangalie! Wanaume wenye njaa waliacha kazi kwa ajili ya maiti mmoja. Leo tumeshiba, tumekaa kwenye viti laini, na hakuna anayeuliza kwa nini barabara imepinda mahali tambarare. Na mimi je? Miaka yote hiyo nimekaa Babati, karibu hivi kwa gari, sikuja. Hasira hiyo nyingine ni yangu mwenyewe, simpi mtu.

Paa la gari lilikuwa wazi. Nikapanda kwenye kiti, nikarusha jiwe. Mkono wa mzee. Halikufika kwenye majani, likaanguka katikati ya barabara. Dereva akafoka, akaondoa gari. Nikageuka nyuma. Gari lililotufuata lilipofika pale likapunguza mwendo, likapinda kulikwepa jiwe.